Maasi ya Askari ya 1964 katika Afrika Mashariki

Maasi ya askari ya 1964 yalizuka kati ya tarehe 20 na 25 Januari mwaka huo katika majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya. Walioasi walikuwa askari wa vyeo vya chini, na madai yao makuu yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara, na kuondolewa kwa maofisa Waingereza walioendelea kuongoza vikosi baada ya uhuru. Katika nchi zote tatu maasi yalizimwa kwa msaada wa askari wa Uingereza. Hatua zilizofuata zilitofautiana sana, na namna kila serikali ilivyowashughulikia askari wake ilichangia kuamua jeshi la nchi hiyo lingekuwa la aina gani kwa miaka mingi.

Asili ya majeshi

Majeshi yote matatu yalitokana na King's African Rifles, maarufu kama Keya, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902. Askari wa Keya walipigana katika Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, hadi Ethiopia na Burma. Kambi mbili za Tanganyika zilipewa majina ya mapigano hayo: Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, na Kalewa mjini Tabora.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, batalioni zake za Keya ziligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, lakini uongozi ulibaki ule ule. Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, na nafasi nyingi za juu zilishikwa na Waingereza. Maofisa Waafrika walikuwa wachache na wa vyeo vya chini. Sajenti mwenye utumishi wa miaka mingi aliendelea kupigia saluti luteni kijana aliyetoka Uingereza, huku akiona ndugu zake wa uraiani wakishika ofisi za serikali.

Sababu

Sababu ya kwanza ilikuwa mshahara. Askari wa kawaida wa Tanganyika alilipwa kiasi cha shilingi 105 kwa mwezi, na waasi walidai 260. Ya pili ilikuwa madaraka. Mapema Januari 1964 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa kuwapa Waafrika kazi serikalini utakoma, na kwamba raia wote watatendewa sawa bila kujali rangi. Tangazo hilo lilikuwa la haki kwa taifa lenye raia wa asili mbalimbali. Kambini lilipokewa kwa hofu, kwa kuwa askari hawakuwa wameonja hata hatua za mwanzo za mabadiliko.

Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar yalionyesha jinsi dola inavyoweza kuanguka usiku mmoja. Tanganyika ilipeleka Zanzibar polisi wake wa kutuliza ghasia, na hivyo Dar es Salaam ikapungukiwa na kikosi ambacho kingeweza kuwazuia askari.

Chini ya sababu hizi palikuwa na kasoro ya mfumo. Jeshi lolote linahitaji njia ya malalamiko kupanda kutoka kwa askari hadi kwa mkuu wa kikosi, na majibu kurudi kwa njia hiyo hiyo. Katika Tanganyika Rifles njia hiyo ilipita kwa maofisa wale wale waliokuwa wakilalamikiwa. Manung'uniko yaliishia mabwenini, na serikali haikuyasikia mpaka yalipokuja na bunduki.

Colito na Tabora

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari, askari wa batalioni ya kwanza walichukua silaha, wakawakamata maofisa wao na kuwafungia. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Sajenti Francis Hingo Ilogi. Makundi ya askari yaliingia mjini, yakashika uwanja wa ndege, kituo cha redio na njia za kwenda Ikulu. Rais Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa walipelekwa mafichoni. Brigedia Douglas aliponyoka na kujificha.

Waziri aliyesimama mbele ya waasi alikuwa Oscar Kambona, aliyeshika mambo ya nje na ulinzi. Kwa ujasiri mkubwa alikwenda kuzungumza nao, akakubali Waingereza waondolewe na kuahidi kwamba suala la mishahara litajadiliwa. Maofisa wa Kiingereza walisafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi, na askari wakamchagua Luteni Elisha Kavana awe kamanda wao. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Kesho yake batalioni ya pili iliasi huko Tabora. Huko Kapteni Mrisho Sarakikya, aliyehitimu chuo cha kijeshi cha Sandhurst, alikabidhiwa uongozi na kusaidia kuzuia damu isimwagike.

Askari hawakudai kuiangusha serikali. Hata hivyo, kikosi kikishashika redio na uwanja wa ndege, nchi haina tena uhakika kama mgomo hautageuka mapinduzi.

Jinja na Lanet

Tarehe 23 Januari maasi yalifika Jinja, Uganda. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikwenda kambini kuwasikiliza askari, wakamzuia na kumbana hadi akakubali mshahara upandishwe zaidi ya maradufu. Jioni ya tarehe 24 askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles walivunja ghala la silaha huko Lanet, karibu na Nakuru.

Kuzimwa

Nyerere alirejea hadharani na kulihutubia taifa kwa redio, lakini waasi walibaki na silaha. Hatimaye serikali iliomba msaada wa Uingereza, uamuzi mchungu kwa nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomando wa majini walishushwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur hadi Colito, huku manowari nyingine ikipiga mizinga ili kuwababaisha waasi. Brigedia Douglas alitumia kipaza sauti kuwataka wasalimu amri. Baada ya mapambano mafupi yaliyoua askari wachache, kambi ilitekwa. Tabora ilisalimu amri bila vita. Siku hiyo hiyo Waingereza waliizingira kambi ya Jinja, na Lanet nayo ikadhibitiwa.

Njia tatu za kurudisha nidhamu

Uganda iliacha nyongeza ya mshahara isimame. Baadhi ya askari walifukuzwa, lakini fundisho lililobaki kambini lilikuwa kwamba mtutu hulipa. Serikali ya Milton Obote iliendelea kulipanua jeshi na kulitegemea katika siasa. Idi Amin, askari wa zamani wa Keya, alipandishwa cheo haraka, na mwaka 1966 akaongoza shambulio dhidi ya kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili baada ya maasi ya Jinja kuzimwa, Amin alimpindua Obote.

Kenya ilichagua mkono wa sheria. Batalioni ya 11 ilivunjwa, viongozi wa maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kupewa vifungo virefu. Serikali ya Jomo Kenyatta iliendelea kushirikiana na Uingereza katika mafunzo, huku ikiongeza maofisa Waafrika. Muundo wa jeshi haukuguswa sana. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali. Jaribio hilo lilishindwa, na Jeshi la Anga likavunjwa na kuundwa upya.

Tanganyika ilikwenda mbali zaidi. Vikosi vilivunjwa na askari wakarudishwa makwao. Washtakiwa wakuu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Sajenti Ilogi alipewa kifungo cha miaka 15. Serikali iliona adhabu zilikuwa nyepesi, lakini ilizikubali, kwa sababu utawala unaotaka askari waheshimu sheria hauna budi kuiheshimu wenyewe. Si kila hatua iliyofuata ilistahili sifa: viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini kwa kushukiwa kuhusika na maasi, na shirikisho lao likafutwa na kuwekwa NUTA, chama cha wafanyakazi kilichofungamana na chama tawala cha TANU.

Nyerere aliitisha mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Dar es Salaam mwezi Februari, na askari wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya likiandaliwa. Tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Tanganyika kuungana na Zanzibar, liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Waajiriwa wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Askari waliruhusiwa kujiunga na chama, na elimu ya siasa ikawekwa pamoja na kwata na shabaha. Kambi ya Colito ilipewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa chifu Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Umuhimu

Nidhamu ya jeshi hulindwa kila siku na kila cheo: koplo anayewajua askari wake, sajenti anayepeleka malalamiko juu bila kuyaficha, kamanda anayejibu kwa wakati, na mahakama inayomhukumu mkaidi kwa haki. Bunduki za Waingereza zilimaliza maasi kwa siku chache, lakini hazikuondoa chanzo chake. Kumkubalia askari mbele ya mtutu huharibu jeshi, na kumnyamazisha bila kumsikiliza huahirisha balaa. Tanganyika ilikataa kuongozwa na waasi, kisha ikaondoa kasoro iliyowazaa, ingawa kwa gharama ya kufunga jeshi na chama pamoja hadi mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992. Tanzania haijawahi kutawaliwa na serikali ya kijeshi.