Ufito wa kuvulia kwenye barafu

Ufito wa kuvulia kwenye barafu ni ufito mfupi, kwa kawaida wa sentimita 60 hadi 100, wa kuvulia samaki kupitia tundu lililotobolewa juu ya ziwa lililoganda, hasa Ufini, Kanada na kaskazini mwa Marekani. Ufito wa maji ya wazi mara nyingi huzidi mita 1.8, na chanzo cha tofauti hiyo ni kurusha: urefu ndio unaokipa chambo kasi ya kufika mbali. Juu ya barafu hakuna kurusha. Chambo hushushwa wima, na mvuvi hukaa karibu na tundu. Wapo wanaodai kwamba ufupi umetokana na ufinyu wa vibanda vya wavuvi. Kwa Minnesota dai hilo lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini Wafini, ambao wengi huketi nje kwenye baridi kali, hutumia fito fupi zaidi, nyingine zisizofika shibiri mbili.

Ufupi huo una gharama. Ufito mrefu hupinda na kupunguza nguvu ya samaki anayepapatika. Katika ule mfupi, sehemu kubwa ya kazi hiyo huachiwa breki ya gurudumu la mshipi. Si afadhali basi kuurefusha? La, kwani mvuvi angesukumwa mbali na tundu, na mshipi ungekwaruzwa na ukingo wa barafu. Ncha nayo hufanywa nyepesi mno, maana samaki wa majira ya baridi huuma kivivu, na pete za mshipi huwa pana kiasi ili zisizibwe upesi na maji yanayoganda.