Maktaba Iliyopiga Magoti

Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931. Nguzo zake ni za fahari, lakini kwa miaka mingi waliosoma ndani ni Wazungu tu. Mwafrika alizitazamia barabarani.

Sasa twende Garissa, mwaka 1996. Shirika la maktaba la taifa liliona wazi kwamba mfugaji anayefuata maji na malisho hawezi kuacha mifugo aje mjini kuazima kitabu. Na kule mchangani gari nalo hukwama. Basi likamtwika ngamia: mmoja masanduku ya vitabu, mwingine hema. Wakifika, mikeka inatandikwa, watoto wanasoma. Ngamia akirudi tena, vitabu vinabadilishwa. Bango gani lingewaita watu vile?

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ngamia hupiga magoti ndipo apakiwe. Maktaba nayo ilipiga magoti ndipo ikapata wasomaji.

Mimi nimemaliza sekondari, na mswada wa riwaya yangu uko mvunguni kwelikweli. Siku ukichapwa, jamani, sitaki ukae penye nguzo ukingoja watu. Nataka utwikwe, ufike.