Picha za Dhihaka za Waingereza Juu ya Kaisari Wilhelm II

Wilhelm II (1859–1941), Kaisari wa Wadachi tangu 1888 hadi 1918, alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, yule ambaye ziwa letu laitwa kwa jina lake. Mwanza ilikuwa chini ya milki yake, ingawa yeye hakupata kuikanyaga, na wenyeji wa kandokando ya ziwa walimjua kwa sura iliyo katika rupia: mtu mwenye masharubu, amevaa kofia ya vita yenye tai juu ya utosi.

Kofia ile na masharubu yale, London, yalikuwa riziki ya wachoraji wa dhihaka. Picha iliyo mashuhuri kupita zote ni ya John Tenniel katika gazeti la Punch, tarehe 29 Machi 1890: Bismarck, waziri mkuu aliyekwisha uzuliwa, anashuka ngazi ya merikebu katika mavazi ya rubani, hali Kaisari kijana, taji kichwani, ameegemea ukingo akimtazama. Msomaji wa Mwanza aitazame kwa makini, kwani rubani huyo ndiye ambaye Wadachi walilipa jina lake lile jabali la mawe yaliyopandana majini mbele ya mji.

Vita vilipozuka 1914, istihizai ikawa silaha. Mwezi wa Agosti F. H. Townsend aliichora Ujerumani kuwa mzee mnene mwenye rungu, soseji zikining'inia mfukoni, amezuiwa langoni na kitoto cha Ubelgiji, na W. K. Haselden wa Daily Mirror akawafanya Kaisari na mwanawe kuwa Willie Mkubwa na Willie Mdogo, mabaradhuli wawili wasiofanikiwa katika jambo lolote. Bernard Partridge, Oktoba mwaka huo, hakuchekesha: Kaisari, katikati ya magofu, amwambia Mfalme wa Ubelgiji kwamba amepoteza kila kitu, naye ajibiwa kwamba roho haikupotea. Kwa rai yetu hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Mwanza ilitekwa Julai 1916 na jeshi la Waingereza lililovuka ziwa chini ya Jenerali Crewe. Wapagazi waliotwikwa unga na risasi za pande zote mbili, wakafa kwa maelfu njiani, hawamo katika picha hizo, na kutokuwamo kwao ni upungufu mkubwa wa sanaa ile. Rupia za Kaisari zikaondolewa, na mwaka 1921 ikaja shilingi yenye sura ya George V, binamu yake.