Mchanga, Chumvi na Plastiki

Askari yeyote wa jeshi au wa polisi aliyepata kushika lindo katika pwani ya Kismayu, au katika visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, ameuona uchafu unaotupwa na mawimbi: chupa, kandambili, nyavu kuukuu. Mkondo wa bahari hapo huelekea kaskazini wakati wa kusi, hugeuka wakati wa kaskazi, na kila msimu huleta wake. Uchafu huo unaonekana. Maelezo haya yanahusu usioonekana.

Plastiki ya mifuko iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Jua huikausha na mawimbi huisaga, lakini haiozi; huwa chembe tu. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walidhihirisha kwamba chembe hizo zimo katika mchanga wa fukwe. Wakapima pia sampuli za bahari zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960, wakakuta zimezidi.

Njia ya kuzitenga si ngeni kwa aliyemwona mama akiosha mchele. Mchanga hutiwa katika maji yaliyokolea chumvi, hukorogwa, huachwa utulie. Mchanga huzama, plastiki huelea kama makapi, ikachujwa. Hata uzi wa nailoni wa nyavu, ambao baharini huzama, humo huelea. Chupa ya maji ya kunywa ndiyo iliyowashinda, kwani plastiki yake ni nzito kuliko maji hayo ya chumvi. Ndipo wataalamu walipogeukia kloridi ya zinki, ambayo maji yake ni mazito zaidi, nayo ni sumu.

Hayo ni ya maabara. Sasa tuchukue kipande cha ufuo chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na kina cha sentimita 5 tu. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 50. Kuuosha kwa maji ya ujazo ule ule kwahitaji lita 50,000 na chumvi kiasi cha tani 18, na kaa na chaza waliomo wangekufa wote. Hapana serikali itakayofanya hivyo, wala haifai ifanye. Njia hii hutuambia mchanga umebeba nini. Kuusafisha ufuo mzima haiwezi.

Kwa hiyo nchi zetu zilianzia dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Somalia ikatangaza marufuku yake mwaka 2024. Polisi wanaijua kazi hiyo, kwani wengi wameifanya sokoni na mipakani. Lakini marufuku ya mifuko hayagusi nyavu wala chupa, na mkondo haupiti forodhani. Vitu hivyo vyaweza kuokotwa kwa mkono vikiwa bado vizima, na wanaovifikia kwanza ni wavuvi na vikosi vilivyo karibu na fukwe.