Siri za nyumbani wakati wa vita: kile familia za Goma zinaficha, na kile mtoto ana haki ya kujua

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano. Ukikohoa usiku, jirani anasikia. Hata hivyo, nyuma ya hizo mbao kuna mambo ambayo jirani hajui, na mara nyingine hata watoto wa nyumba hawajui: baba ya mtoto fulani ni nani, yaya alienda wapi mwaka ule, kwa nini jina la mjomba halitajwi tena mezani.

Ndugu msomaji, ukurasa huu unaeleza siri nne ambazo vita vimeacha ndani ya familia zetu, sheria inasema nini juu ya kila moja, na ni wapi siri inamlinda mtu na ni wapi inamuumiza. Hatumtaji mtu. Kila mmoja atajua penye inamugusa.

Mji uliopitiwa na vita vingi

Ili kuelewa kwa nini siri ni nyingi, tukumbuke miaka. Julai 1994, watu zaidi ya laki nane walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, wakajaa Goma na kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Kipindupindu kiliua maelfu, na watoto wengi walibaki peke yao. Mwanzoni mwa Novemba 1996 mji ulianguka mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda. Agosti 1998 vita vingine vilianza, na Goma ikawa makao makuu ya RCD. Katika utawala huo huo, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika moto katikati ya mji. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia, ikatoka tarehe 1 Desemba. Mwisho wa Januari 2025 iliingia tena.

Kila mara wenye silaha wanabadilika, na raia anabaki pale pale. Jambo ambalo lilikuwa la kawaida jana, leo linaweza kukuletea shida: picha ya kijana mwenye uniforme, kadi ya chama, jina la ukoo, lugha ya nyumbani. Kwa hiyo wazazi walijifunza kunyamaza, na watoto walijifunza kutouliza. "Ile maneno hapana ongea inje," tate anasema, na mambo yanaishia hapo. Miaka inapita, hatari inaisha, lakini siri inabaki.

Siri ya kwanza: baba ya mtoto

Hii ndiyo siri nzito kuliko zote. Kuna watoto waliozaliwa kwa kubakwa. Kuna waliozaliwa na askari aliyeishi na mama mwaka mmoja, kikosi chake kikahamishwa, asionekane tena. Kuna waliozaliwa na mtu wa kundi lenye familia haitaki kulisikia. Mara nyingi tate anasema, "Huyu ni mutoto yangu," na mtoto anakua akimwita mama yake yaya. Au anaambiwa, "Baba yako alikufa mu vita," na hakuna anayeongeza neno.

Sheria ya Kongo inasemaje? Kwanza, uraia. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani, ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Mmoja anatosha. Hata kama baba alikuwa askari mgeni, hata kama hajulikani, mtoto wa mama Mkongomani si mgeni hapa. Anayemwambia "rudi kwenu" anasema uongo mbele ya sheria.

Pili, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna ruhusa ya kumkana mtoto wako, awe wa ndoa au wa inje ya ndoa. Sasa, kama baba hawezi kupatikana? Sheria imefikiria hilo. Mama, au mtoto mwenyewe, anaweza kuomba mahakama imtaje baba wa kisheria, kwa Kifaransa père juridique. Huyo anachaguliwa kwanza katika familia ya mama, kwa mfano mjomba. Akikosekana huko, mama anapendekeza mtu mwingine. Baba wa kisheria anachukua haki na wajibu wote wa baba. Familia nyingi hazijui kama mlango huu upo. Zinahangaika kutafuta uongo wa kuandika kwenye karatasi, na sheria tayari imewapa njia ya ukweli.

Tatu, urithi. Hapa siri inageuka kuwa hasara. Sheria hiyo inaweka watoto mbele ya warithi wote na kuwapa robo tatu ya mali. Lakini mtoto wa inje ya ndoa anahesabiwa kama baba alimkubali kisheria angali hai. Mwanaume anayelea mtoto wake kwa siri, anamletea viatu usiku na kulipa minerval kupitia rafiki, ajue kwamba siku atakapokufa ghafla, mtoto huyo anaweza kufukuzwa kwenye parsele na ndugu zake mwenyewe.

Siri ya pili: kijana aliyebeba silaha

Jirani akiuliza, wazazi wanasema, "Ako Butembo, anasoma." Kumbe alichukuliwa njiani akitoka shamba, au alienda mwenyewe kwa sababu ya njaa, hasira au urafiki. Wanaogopa kundi lingine lisije kulipiza nyumbani. Wakati huo, kunyamaza kunaokoa maisha, na hakuna wa kuwalaumu.

Shida inakuja kijana akirudi. Akiwa alichukuliwa kabla ya kutimiza miaka 18, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iko wazi: kuingiza mtoto katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha ni kosa la yule aliyemchukua. Mtoto ni mwathirika. Ulimwengu nao ulikubali hivyo: hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya ICC, Machi 2012, ilimhusu Mkongomani Thomas Lubanga, kwa kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri.

Kwa mpango wa kawaida, mtoto anayetoka katika kundi anakaa kwanza katika kituo au katika familia ya mapokezi, wakati wazazi wake wanatafutwa na kutayarishwa. Neno hilo, kutayarishwa, ni la maana. Wadogo zake waambiwe kwa maneno yanayolingana na umri wao kwamba yaya alichukuliwa, ameteseka, sasa amerudi. Wasipoambiwa, wataambiwa na watoto wa avenue, na kwa matusi.

Siri ya tatu: aliyepotea

Wengi wetu tuna mtu ambaye hatukumuona tena: 1996, 1998, 2012, 2025. Mwili haukupatikana, matanga hayakufanyika. Mama anaendelea kusema, "Baba yenu ako safari." Mwanzoni ni huruma kwa watoto. Baada ya miaka kumi, watoto wanajua kama si kweli, mama anajua kama wanajua, na hakuna anayethubutu kuanza.

Kisheria, aliyepotea si marehemu. Mpaka mahakama itamke kifo chake, mke si mjane: hawezi kuolewa tena kisheria, na urithi haufunguliwi. Ndiyo maana shemeji wanaweza kushikilia parsele wakisema mwenyewe atarudi. Familia iliyo katika hali hii inaweza kwenda mahakamani kuomba itambuliwe kwamba mtu hayupo, na baadaye kwamba amekufa. Kufanya hivyo si kumuua mtu wenu mara ya pili, kama wengine wanavyosema. Ni kulinda wale aliowaacha.

Kabla ya hapo kuna njia ya kutafuta. Msalaba Mwekundu unapokea maombi ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita, bila malipo. Mtu anaweza pia kuandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu kwa ndugu aliye kambini, gerezani au inchi nyingine. Lakini jua jambo moja: ni karatasi wazi, haifungwi ndani ya bahasha, na inasomwa kabla ya kutumwa. Inapokea habari za familia tu: nani amezaliwa, nani ni mgonjwa, tunaishi wapi. Hakuna siasa, hakuna habari za askari. Siri ya nyumba usiiweke pale.

Siri ya nne: mtoto aliyepokelewa

Mwaka 1994, 2002 na hata sasa, mama wa Goma wameokota watoto barabarani na kuwalea kama wao. Ni wema mkubwa. Lakini wengi hawakumwandikisha mtoto popote, wala hawakumwambia ukweli. Siku mzazi mlezi anakufa, ndugu wanasema, "Huyu si wa damu yetu," na kijana wa miaka ishirini anajifunza asili yake kwenye matanga. Aliyepokea mtoto atangaze kwa viongozi, atafutiwe kwanza familia yake, kisha, kama hakuna, alelewe au aasiliwe kwa njia ya mahakama. Mtoto aliyeasiliwa kisheria anarithi kama wengine.

Karatasi inayofungua mlango

Katika siri zote nne, kitu kimoja kinarudi: akte ya kuzaliwa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, kwenye ofisi ya état civil. Mji wetu una komine mbili, Goma na Karisimbi. Mama anaweza kwenda mwenyewe. Hakuna sheria inayosema lazima aje na bwana. Siku 90 zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif, na hapo kuna safari na gharama. Kwa sababu vita vinahamisha ofisi na watumishi, uliza kwanza kwa chefu wa kartye ofisi gani inafanya kazi, na utunze kopi ya kila karatasi kwa mtu mwingine, mbali na nyumba yako.

Nani analazimika kutunza siri yako

Daktari, muuguzi na kila anayepokea siri kwa sababu ya kazi yake, anafungwa na kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu: akiitoa inje, anaweza kuhukumiwa, isipokuwa pale sheria yenyewe inapomtaka aseme. Kwa hiyo aliyebakwa asiogope kufika hospitali. Afike mapema, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinahitaji kuanzwa ndani ya muda huo. Akichelewa, aende vilevile. Kuna matibabu mengine na msaada wa moyo. Kwenda hospitali hakumlazimishi kushtaki. Hilo ataamua yeye, siku yake.

Kumwambia mtoto

Norway, baada ya vita vya pili vya dunia, ilibaki na watoto kati ya 10,000 na 12,000 ambao baba zao walikuwa askari wa Ujerumani. Wengi walitukanwa, wakafichwa, wakadanganywa juu ya asili yao. Oktoba 2018, zaidi ya miaka 70 baadaye, waziri mkuu wa inchi hiyo aliomba radhi kwa mama zao. Watoto walikuwa wamezeeka. Tusingoje hivyo.

Hakuna siku moja inayofaa kwa wote. Lakini mambo haya yanasaidia. Mama ndiye mwenye siri. Asisemewe na shangazi wala mchungaji bila ruhusa yake. Mtoto mdogo haitaji habari yote: "Baba yako sikumujua vizuri, lakini weye ni wangu" ni kweli, na inatosha kwa miaka saba. Akikua, aongezewe. Asiambiwe wakati wa ugomvi, na asiambiwe na mlevi. Na kama kusema kunaweza kuleta wenye silaha mlangoni, ngojeni. Usalama kwanza.

Kwa kifupi, jiulize swali moja: siri hii leo inamlinda nani? Kama inamlinda mtoto, itunzeni. Kama inamlinda aliyemkosea, au inatulinda sisi wakubwa na aibu yetu, basi ni mtoto anayelipa.