Namna ya kuwasha na kuutunza moto wa kuni uani

Na Mwandishi Wetu

MIEZI ya Juni na Julai inapoingia, wakazi wa Njombe, Makete na Mafinga hurejea katika desturi ya kuota moto uani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hata hivyo, wengi wanaokusanya kuni huambulia moshi mtupu.

Chanzo cha moshi huo ni maji. Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yanayofikia nusu ya uzito wake, nao moto hulazimika kuyakausha kwanza. Kuni zipasuliwe, zipangwe mahali penye upepo pasipo kugusa ardhi, zifunikwe juu tu, na ziachwe miezi sita au zaidi. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali.

Miwati hupendwa kwa kuwa hudumu na kuacha makaa mazuri. Misindano, kwa utomvu wake, hushika upesi lakini hurusha cheche; hiyo ni ya kuwashia. Mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa yasichomwe kamwe, ingawa hupatikana bure. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu inayotoka na moshi na kubaki katika majivu, na majivu ndiyo ambayo wengi humwaga kwenye bustani ya mboga.

Shimo lichimbwe mbali na nyumba, uzio na matawi ya miti. Mawe ya mtoni yasitumike kulizungushia, kwani maji yaliyomo ndani yake yakichemka huweza kuyapasua.

Anza na maganda makavu ya mahindi, kisha vijiti vyembamba, ndipo kuni nene zifuate moja moja. Acha nafasi kati yake. Moto uliobanwa hukosa hewa. Kadiri kuni zinavyoungua, zisukume kuelekea katikati. Petroli isitumike, maana mvuke wake hulipuka.

Wakati wa kulala, mwagia maji, koroga majivu, kisha mwagia tena hadi yapoe kabisa.

Wapo wanaochota makaa kwa karai na kuyaingiza chumbani, wakidhani kuwa yasipotoa moshi hayana madhara. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, naye anapaswa kutoka nje mara moja na kwenda hospitali. Aliyelala huweza kufa bila kuhisi lolote.