Depression Glass: Angalia Nakshi Kabla Hujauziwa Mbuzi Kwa Gunia

Ushacheki zile video za wasee wa Marekani wakizunguka maduka ya mitumba na tochi ya UV, sahani ikiwaka kijani wanapiga nduru? Mara nyingi wanasaka Depression glass: vyombo vya kioo cha rangi, sanasana pinki, kijani na manjano, vilivyotengenezwa kwa mashine miaka ya 1930 wakati uchumi wa huko ulikuwa umezama. Vilikuwa bei ya kutupa, vingine vikitolewa bure ndani ya pakiti za oats. Siku hizi watu wanavikusanya na wanatoa doo ya maana. Na penye doo, feki haikosi.

Hiyo kuwaka isikuchanganye. Tochi, ni kama zile za kukagua noti feki, inakuonyesha tu kuna uranium ndani. Haisemi chombo ni cha mwaka gani, juu kioo cha uranium kilikuwako kabla ya hapo na kimetengenezwa tena baadaye. Angalia nakshi.

Kioo hiki hakichongwi. Kinamiminwa kikiwa moto kwa moldi ya chuma, kinakandamizwa, kinatoka na maua yake tayari. Ndio maana kila nakshi ina jina, kampuni na miaka yake. Chukua Cameo ya Hocking, kampuni ya Ohio, 1930 hadi 1934. Tafuta msichana anadensi ndani ya fremu ya umbo la yai. Seti ya watoto ya Cameo haikuwahi kutoka enzi hizo, so ukiletewa vikombe vidogo vya hiyo nakshi, ni vya juzi. Story za nyanya ya muuzaji achana nazo.

Noma kabisa ni mapacha. Miss America ya Hocking na English Hobnail ya Westmoreland zote zimejaa vinundu vyenye ncha, na hata wauzaji huzichanganya. Cheki miale inayotoka katikati ya sahani. Kwa Miss America yote inaishia umbali mmoja, inaunda duara. Kwa English Hobnail mingine ni mirefu, mingine mifupi. Kwa glasi zenye mguu, Miss America ina mistari mitatu inayozunguka karibu na mdomo. Ile ingine haina.

Mayfair, ile ya waridi, iliigwa kwa viglasi vya whisky kuanzia 1977. Kwa orijino shina la ua linagawanyika chini kama herufi A. Kwa feki ni shina moja tu.

Halafu kuna Avocado. Hii ilirudishwa sokoni 1974 na wenyewe, Indiana Glass, kwa hivyo nakshi pekee haitakuokoa. Hapo rangi ndio inaongea. Ya zamani ilitoka kijani, pinki na isiyo na rangi, so ukiona ya bluu ama nyekundu, ni ya majuzi. Pinki ndio itakusumbua: ile mpya huelekea rangi ya machungwa, na ni rahisi kuikamata ukiiweka kando ya ya zamani.